Masikio ya Kuazima

Baba amenipa kazi ya kusikia.

Miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha chai,
chini ya feni za kukausha majani,
ilimlipa kiinua mgongo, saa ya ukutani
na ukimya ulioanzia sikio la kushoto.
Kiinua mgongo kilinunua bati. Saa ilisimama.
Ukimya ndio uliodumu.

Na gari. Nisilisahau gari.
Limekaa kwenye banda la ndama,
pua ndefu, matako mafupi, milango miwili tu,
Datsun ya mbio ya mwaka sabini na mbili
aliyoiacha mhasibu wa shamba chini ya turubai
pamoja na deni la petroli.
Mama huliita mgeni asiyeaga.
Ndama alihamia jikoni.

Tukuyu hii chuma hakikai chuma.
Unakiacha jioni, asubuhi kimeota manyoya mekundu.
Sakafu ya upande wa dereva ilikuwa chekeche,
ungeweza kupepetea ulezi.
Tukakata, tukachomelea bati la pipa,
msasa mgumu, msasa laini, msasa wa maji,
mpaka alama za vidole vyangu zikafutika
na simu ikakataa kunitambua.

Gasketi ilitoka Tunduma
imeviringishwa kwenye gazeti la Zambia.
Magunia manne ya parachichi!
Mama aliyahesabu kwa sauti.
Baba hakusikia,
au alichagua.

Leo tumefunga kabureta zote mbili.
Anainama, ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini,
mpini kwenye meno.
Anasikia kwa mifupa, ndivyo anavyosema,
lakini mifupa haitofautishi silinda ya tatu na ya nne.
Anautoa mdomoni.
"Sema."

Nami mwalimu wa darasa la tatu,
ninayewafundisha watoto kwamba maji humwagika mwaa
na embe huanguka pu,
nakosa neno.
Nasema: inagonga.
"Inagongaje? Hata mlango unagongwa."
Kama kuku anayedonoa bati.
"Kuku wangapi?"
Mmoja. Ana haraka.
Anacheka, anazima, analegeza nati,
anapitisha kipimo chembamba kama ukucha wa mtoto,
anakaza, anawasha.
Kuku amelala, nasema,
ila kuna mtu anafagia majani makavu.
"Huyo ni cheni. Mwache afagie, ndiyo kazi yake."

Kisha mpira wa maji: ncha moja sikioni mwangu,
nyingine kwenye koo la kabureta ya mbele.
Sss.
Ya nyuma.
Shhh.
Nyoka, nasema, na mama anayebembeleza.
"Nataka mama wawili."
Anageuza skrubu. Nyoka anasitasita.
Anageuza tena, kidogo, kama mtu anayeonja chumvi,
na ninakaribia, naapa ninakaribia kusikia
sauti mbili zikikaa kwenye kiti kimoja,

ndipo mvua inapokuja.
Ya huku haibishi hodi.
Debe la kokoto juu ya bati la kiinua mgongo,
kisha debe jingine, kisha lori zima.
Nyoka kapotea, kuku, mfagiaji, wote.
Naona mdomo wa baba ukitembea mtupu.
Kumbe ndivyo anavyotuona mezani.

Ninaweka kiganja juu ya madigadi, pembeni ya chake.
Chuma kinatetema kama paka aliyeshikwa kwa nguvu,
halafu kama paka aliyeshiba.
Sijui kama anajua inanyesha.
Amenipa mgongo, robo ya mzunguko,
robo nyingine,
anageuka, na safari hii nausoma mdomo:

"Imetulia?"

Natazama nje. Migomba imeinama,
mfereji umefika jikoni kwa ndama.
Natazama vidole vyangu visivyo na alama.

"Ipi, baba?"

Anatikisa kichwa, ameridhika,
anafunga boneti.